Honi ya Gari Ikigoma, Anzia Kwenye Ethi Kabla ya Duka la Spea

Honi ikinyamaza, wengi wetu huku Mtwara tunakwenda moja kwa moja duka la spea kununua nyingine. Naomba usitoe hela kabla hujafungua boneti. Kwa gari linalolala karibu na bahari, iwe Shangani, Mikindani au Msimbati, mara nyingi honi yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni ethi, yaani pale waya unapogusana na chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri, kwa sababu ya chumvi, na dawa yake ni kipande cha msasa na grisi kidogo.

Ya kwangu ilianza kwa kukoroma asubuhi, jua likipanda inapona. Kisha ikanyamaza kabisa kwenye kona za Mikindani, mbele yangu bodaboda kabeba magunia ya mkaa anaingia barabarani bila kugeuza shingo. Breki zilituokoa. Gari lisilo na honi mimi silihesabu kuwa ni zima, hasa msimu wa korosho, malori yanapofuatana kwenda bandarini na watoto wa shule wanatembea pembeni mwa lami.

Kwanza sikiliza. Zima injini na redio, mtu abonyeze honi wakati wewe umeinama kwenye kisanduku cha fyuzi. Ukisikia rilei, ile swichi ndogo inayopeleka moto kwenye honi, inagonga "tik" lakini honi kimya, basi swichi ya kwenye usukani na waya wake viko sawa. Tafuta kuanzia rilei kwenda mbele. Usiposikia kitu, tazama fyuzi. Mchoro uko kwenye kifuniko, na fyuzi ya honi kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Ikiwa imeungua, weka ya ukubwa uleule. Wanaofunga kipande cha waya badala ya fyuzi wanatafuta moto ndani ya gari lao. Na fyuzi mpya ikikatika hapohapo unapobonyeza, kuna shoti mahali, acha kubadilisha, mwite fundi umeme.

Rilei ni rahisi kuipima. Ndani ya kisanduku hichohicho huwa kuna nyingine ya aina hiyo. Kama namba zilizoandikwa juu yake zinalingana, zibadilishane nafasi kwa muda. Honi ikilia, umeshamjua mbaya wako.

Sasa njoo kwenye honi yenyewe, ambayo magari mengi huifunga nyuma ya bampa au mbele ya rejeta, mahali panapopigwa na vumbi, maji na upepo wa bahari. Chomoa plagi yake, kisha ipelekee moto wa betri moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi, na waya wa pili uwe wa ethi kutoka kichwa hasi cha betri. Ikilia vizuri, usinunue honi. Fundi mmoja wa makamo aliyenifundisha kipimo hiki aliniambia, "Mdogo wangu, gari la pwani ukitafuta ugonjwa wa umeme anzia kwenye ethi." Honi nyingi zina waya mmoja tu wa moto, ethi yake inapita kwenye kile kibati kilichofungwa kwa boliti kwenye bodi. Nilipofungua boliti ya gari langu, chini ya kibati kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, na ndani ya plagi shaba imeota ukoko wa kijani. Nikapiga msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha pini, nikapaka grisi, nikakaza. Ikalia palepale.

Mwenye mita anaweza kuthibitisha bila kufungua kitu: waya mmoja wa mita kwenye kibati cha honi, mwingine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu akibonyeza honi. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu.

Lakini kuna dalili moja inayobadilisha mambo yote. Kama honi imekufa na wakati huohuo taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva) inawaka kwenye dashibodi, au vitufe vya redio vya kwenye usukani havifanyi kazi, basi ule utepe wa nyaya uliojiviringisha ndani ya usukani huenda umekatika. Hapo usiguse. Eabegi hufyatuliwa kwa baruti, na ikifyatuka usoni inaumiza vibaya. Fundi anayeijua kazi huchomoa kichwa hasi cha betri na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua usukani. Asiyefanya hivyo, mnyang'anye spana. Wapo watakaokushauri utoboe dashibodi uweke kitufe cha honi pembeni. Honi italia, kweli, ila eabegi ya dereva itabaki imekufa, na barabara ya kwenda Masasi si ya kuendesha bila kinga hiyo.

Unaporudisha honi, mdomo wake uelekee chini, la sivyo mvua zikianza itajaa maji. Chungulia pia ndani, nyigu wa udongo hupenda kujenga humo gari likikaa muda bila kutembea. Na kama umeendesha kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, jioni hiyohiyo suuza sehemu ya mbele na chini kwa maji baridi ya bomba, bila presha kubwa kwenye plagi.

Ukiamua kufunga zile honi mbili zenye sauti nene, zipewe rilei yake, fyuzi yake na waya mnene kutoka kwenye betri. Waya wa kiwandani ulipimwa kwa honi iliyokuja na gari.