Golden Gate mwezi wa Julai: usiulize kama kutakuwa na ukungu, uliza uko kimo gani

Ndugu, umeuliza mambo mawili: iwapo katika wiki ya pili ya Julai, ambapo utakuwa na siku mbili tu za nafasi San Francisco pamoja na mama yako mwenye umri wa miaka 71, mtafanikiwa kuliona Daraja la Golden Gate bila ukungu, na ni saa ngapi mlifuate. Waliotangulia kukujibu wamesema mwende saa 6 mchana kwa sababu saa hizo jua huwa limekwisha kuuondoa. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini ndilo nililopewa mimi mwaka 2016, na ndilo lililonisimamisha Vista Point, upande wa kaskazini wa daraja, saa 7 mchana nikiwa na fulana ya mikono mifupi, nikitazama kebo moja nene ya rangi ya chungwa ikishuka kutoka kwenye weupe na kuzama tena kwenye weupe. Baadaye nilihamia Oakland, ng'ambo ya ghuba, na kila ndugu au rafiki anayekuja kututembelea hunitaka nimpeleke darajani, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kukosea mara kadhaa.

Nimekulia Lushoto, na kwa muda mrefu nilidhani ukungu naujua. Ule wa kwetu hulala mabondeni usiku, na jua likishapanda vizuri huondoka, mtu akaendelea na shughuli zake. Huu wa San Francisco ni wa kabila jingine kabisa. Wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini-magharibi huyasukuma maji ya juu ya Pasifiki mbali na pwani ya California, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka vilindini, yenye nyuzi 12 au 13 hivi za Selsiasi. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa ukungu. Juu yake hukaa tabaka la hewa ya joto ambalo huuzuia usipande, kama kifuniko kinavyozuia mvuke wa sufuria. Wakati huohuo bonde kubwa la bara, huko Sacramento na kuendelea kusini, huwa linaungua kwa nyuzi 35 na zaidi, na hewa ya moto inapopanda kule, ile baridi ya baharini huvutwa kwenda kujaza pengo. Sasa, milima ya pwani imeziba karibu kila mahali, isipokuwa kwenye mlango wa bahari uitwao Golden Gate, ambao ndio uliolipa daraja jina lake. Daraja limejengwa mlangoni, na mlangoni ndipo ukungu unapopita.

Hiyo ndiyo sababu jibu la saa 6 mchana halitoshi. Jua huondoa ukungu kwanza bara, kisha Oakland na Berkeley, kisha mitaa ya mashariki ya San Francisco, na mwisho kabisa pale mlangoni. Isitoshe, kadiri bara linavyozidi kupata joto mchana, ndivyo ukungu mpya unavyozidi kuvutwa, na kuanzia saa 10 jioni upepo huongezeka na weupe ukarudi kwa kishindo. Kuna siku za Julai ambapo katikati ya mji watu wanakula aiskrimu juani huku darajani hujaona hata taa ya gari lililo mbele yako. Wenyeji wameuzoea kiasi cha kuupa jina la mtu. Tangu mwaka 2010, pale mtu mmoja alipoufungulia akaunti kwenye mtandao wa Twitter, wanauita Karl, na utawasikia wakisema Karl ameamka vibaya leo.

Kama tiketi hamjanunua, suala ni jepesi: njooni mwishoni mwa Septemba au Oktoba, ambapo joto la bara limepungua, upepo wa baharini umelegea, na anga hutakata siku nyingi mfululizo. Lakini naona umeandika kwamba tarehe zinafuata mkutano wako wa kazi, kwa hiyo tuchukulie ni Julai, na Julai ndio moyo wa msimu.

Mwezi huo kuuliza iwapo kutakuwa na ukungu ni kupoteza swali, maana jibu karibu kila siku ni ndiyo. Swali lenye faida ni kimo chake. Yashike haya mafupi. Njia ya magari iko zaidi ya mita 67 juu ya maji. Vilele vya minara viwili viko mita 227. Kituo cha kutazamia cha Battery Spencer, kwenye vilima vya Marin Headlands upande wa kaskazini, kiko mita 140 hivi, na Hawk Hill, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ya Conzelman, iko mita 280. Ukungu ambao mgongo wake, yaani upande wake wa juu, uko chini kidogo ya mita 200 utalifunika daraja lote isipokuwa ncha za minara, na mtu aliye chini ataapa kwamba hakuna daraja; lakini aliye Hawk Hill atakuwa amesimama juani, akiona minara miwili imetokeza kama milingoti ya jahazi lililozama. Nimeiona hali hiyo mara mbili tu, zote mwezi wa Agosti kabla ya saa 1 asubuhi, na hakuna picha niliyopiga iliyofanana na nilichokiona.

Kinyume chake, tabaka likiwa nene sana, tuseme mita 600, mara nyingi tumbo lake nalo huinuka, na kinachobaki ni dari ya mawingu ya kijivu. Siku kama hiyo kupanda Hawk Hill ni kujipeleka ndani ya wingu lenyewe. Shukeni chini badala yake, Fort Point, ngome ya zamani iliyo chini ya daraja upande wa kusini, au Crissy Field, uwanda wa kando ya maji upande huohuo, ambako mtaiona njia ya magari yote na miguu ya minara, vichwa tu vikiwa vimekatwa. Watu wengi hukosea hapo: wanaona hali mbaya chini, wanadhani juu kutakuwa nafuu, wanapanda, wanakuta pabaya zaidi. Siku ngumu ni zile za katikati, ambapo ukungu si mfupi wa kuuruka wala si mrefu wa kupita chini yake. Hizo hazina dawa ila subira.

Kimo hicho kinajulikanaje? Ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani inayohudumia eneo la San Francisco, ambayo makao yake yako Monterey, huchapisha kwenye tovuti yake maelezo marefu ya utabiri mara kadhaa kwa siku, yaliyoandikwa na mtabiri wa zamu, na karibu kila siku ya kiangazi hutaja unene wa tabaka la hewa ya bahari kwa futi. Usihangaike na mengine yote. Tafuta namba hiyo. Ikiwa chini ya futi 700, yaani mita 210 hivi, wekeni kengele ya simu ya alfajiri mwende juu. Ikifika futi 1,500 au 2,000, yaani mita 460 hadi 610 hivi, laleni mpaka mchoke na mpange ya chini kwa mchana. Baada ya jua kuchomoza tazama pia picha za setilaiti na kamera za moja kwa moja zilizo karibu na daraja, maana utabiri unaweza kuwa sahihi kwa mji mzima na ukakosea kwa mlango tu.

Ukiwa mjini kuna kipimo kingine kisichohitaji simu, nacho ni Sutro Tower, mnara mkubwa wa matangazo wenye rangi nyekundu na nyeupe uliosimama juu ya kilima, ambao unaonekana kutoka mitaa mingi. Una urefu wa mita 298, na pamoja na kilima ncha zake hufika mita 550 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiona kilima na miguu ya mnara iko wazi huku weupe ukipita chini yake, ukungu ni mfupi. Ukiona miguu imemezwa ila ncha tatu zinachungulia juu, ukungu ni wa kimo cha katikati. Ukiwa huoni mnara kabisa, Hawk Hill isahauni siku hiyo.

Kwa mpango wenyewe, na kwa kuwa mna mama, ningefanya hivi. Msipange saa maalumu ya daraja, wala msilipie mapema ziara yoyote ya kuongozwa inayowafunga kwa saa. Siku ya kwanza iachieni daraja nafasi mbili, asubuhi mapema na kati ya saa 6 na saa 9 mchana, kisha mengine yote ya mji yazunguke nafasi hizo. Mkishindwa siku ya kwanza, ya pili ipo. Battery Spencer inafaa kwa mzee, kwani ni matembezi mafupi yasiyo na mwinuko mkali kutoka barabarani, isipokuwa maegesho ni machache na baada ya saa 3 asubuhi hujaa. Hawk Hill ina njia ya kupanda kufika kileleni, lakini hata pale pembeni ya barabara mandhari yanatosha. Jihadharini na jambo moja: mkishapita Hawk Hill barabara inakuwa ya kwenda upande mmoja na inateremka vibaya, hivyo hamwezi kugeuza.

Crissy Field ndiyo ningeianza na mama. Ni tambarare, ina njia pana kando ya maji, na kama daraja limefichwa mnaweza kukaa kwenye mkahawa wa Warming Hut mkanywa kitu cha moto huku mkisubiri, na pazia likifunguka kwa dakika 10 mtakuwa mko pale. Mkiwa hamna gari, basi namba 28 la Muni, usafiri wa umma wa mji, linafika hadi uwanja wa daraja upande wa kusini. Feri ya kwenda Sausalito nayo ni akiba nzuri, kwa sababu mji huo umejificha nyuma ya vilima na mara nyingi una jua wakati mlangoni kumefungwa. Daraja mtaliona kwa mbali, kutoka ndani ya ghuba, kama likionekana.

Na kama halikuonekana kabisa? Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga Julai moja, na siku aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Tulianzia uwanja wa kusini, tukaingia njia ya waenda kwa miguu, ambayo iko upande wa mashariki na kiangazi hufunguliwa saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, tukaenda mpaka kwenye mnara wa kwanza. Ukungu ulikuwa unapita kwa upepo kama moshi wa jikoni, na matone yalikuwa yamejipanga chini ya bomba la ukingo, kila moja likitetemeka magari yalipopita. Akasimama, akajifunga khanga kichwani vizuri, akaniuliza, "Sasa baba, daraja lenyewe liko wapi?" Nikamwonyesha chini ya miguu yake. Alicheka mpaka akashika ukingo.

Muda huo honi za ukungu zililia. Ziko mahali pawili, kwenye nguzo ya mnara wa kusini na katikati ya daraja, zikiwa na milio tofauti ili nahodha ajue aliko, na msimu wa kiangazi huweza kulia kwa jumla ya zaidi ya saa 5 kwa siku. Ile ya mnarani ukiwa juu yake huisikii kwa masikio tu. Inapanda kwa nyayo. Tukarudi uwanjani, ambako kuna kipande cha kebo kuu kilichokatwa na kuwekwa wazi, chenye upana wa sentimita 92, na ndani yake nyaya 27,572 zilizobanwa pamoja, kila moja nyembamba kama penseli. Alikishika kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu kingine chochote siku ile. Hata rangi ilimpendeza zaidi kwenye ukungu, na hilo halikuwa bahati, kwani msanifu Irving Morrow aliyeitetea rangi hiyo ya chungwa alitaka pia daraja lionekane wakati wa ukungu; Jeshi la Majini lilipendelea mistari ya nyeusi na njano. Namshukuru Morrow kila nikipita.

Mavazi: mchukulie mama baridi ya Julai ya Lushoto, kisha ongeza upepo. Koti lisilopitisha upepo lina faida kuliko sweta mbili, na kitambaa cha kufunika masikio ni lazima. Chini ya misonobari iliyo karibu na daraja hudondoka maji kama mvua hata pale ambapo barabara ni kavu, kwa sababu majani hukamata ukungu na kuuachilia matone, kwa hiyo msiseme mvua imeanza mkakimbia.

Mwisho ni gari. Msiache begi wala chaja ndani yake mahali pa kutazamia, hata kwa dakika 5, kwani kuvunja vioo ni desturi ya wezi wa pale. Ushuru wa daraja hulipwa na magari yanayoelekea kusini tu, yaani mkirudi mjini, na tangu mwaka 2013 hakuna mtu wa kupokea fedha. Kamera husoma namba ya gari. Kampuni niliyokodi gari mwaka 2016 ililipa kwa niaba yangu na wiki sita baadaye ikanikata ushuru pamoja na ada ya huduma iliyouzidi ushuru wenyewe, tena kwa kila siku ya kukodi. Ulizeni hilo kaunta kabla ya kuchukua funguo, na kama inawezekana lipieni wenyewe kwenye tovuti ya ushuru kabla ya kuvuka.