Kwa wadogo zangu mnaokwenda kulima Israeli: amri mtazikuta shambani

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda mafunzo ya kilimo Israeli, mtaelezwa mengi kuhusu joto, umwagiliaji wa matone na posho. Mimi nataka niwaambie habari ya amri za dini, maana kwetu hazikutajwa kwenye maandalizi, na ndizo zilizonisumbua kuliko jua.

Nilipangiwa moshavu ya kusini, kijiji cha wakulima wanaoshika dini. Nyuma ya chumba chetu palikuwa na kipande cha ardhi, mwenye shamba akaturuhusu tupande mboga zetu. Nikapanda kama mama alivyonizoesha kule Mbozi: mahindi na maharage, shimo moja. Yalipochipua mzee akaja, akachutama, akayatazama kwa muda. Hakugomba. Akatuomba tung'oe kimoja. Niliumia, nikadhani anadharau kilimo chetu. Jioni akaja na kitabu chake, nami nikafungua Biblia ya Kiswahili kwenye simu: Walawi 19:19, usichanganye mbegu za namna mbili katika shamba lako. Mstari huo niliusikia tangu utotoni, ila haukuwahi kunishika mkono uliobeba jembe. Kwake ni sheria ya udongo ule, na kwa kuwa shamba ni lake, haimsaidii kitu kwamba aliyepanda ni mimi. Maharage tukayahamishia tuta la mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Wayahudi huhesabu amri 613: za kutenda 248, za kujizuia 365. Nyingi hazitekelezeki leo kwa sababu zinategemea Hekalu, ambalo Warumi walilibomoa mwaka 70. Lakini lipo kundi la amri zinazofungamana na ardhi ya nchi ile. Mkulima Myahudi aliyeko Marekani nyingi kati ya hizo hazimhusu. Akihamia Israeli, zinamshika siku anayoanza kulima. Ndiyo maana mzee alikuwa akisema kuishi pale ni kazi.

Basi usichume tunda kwenye mti mchanga hata kama limeiva na linaanguka. Matunda ya miaka mitatu ya mwanzo hayaliwi, wanayaita orla. Biblia yetu inayalinganisha na asiyetahiriwa. Nilishuhudia makomamanga mazuri yakitupwa chini, na moyo uliniuma. Utaona pia wakitenga sehemu ndogo ya mavuno, zaidi kidogo ya asilimia moja, wakisema maneno yao, kisha wanaifunga na kuitupa kwa heshima. Hiyo ni sadaka ambayo zamani ilipewa makuhani. Usiiokote.

Mwaka wa saba ndio mzito zaidi. Kila baada ya miaka sita ardhi inapumzika mwaka mmoja, kupanda na kupogoa kunasimama. Wapo wanaouza ardhi kwa muda kwa mtu asiye Myahudi ili kazi iendelee, wapo wanaokataa kabisa njia hiyo, na marabi wamebishana juu yake tangu karne ya 19. Wenzetu waliokuwepo kati ya 2021 na 2022 waliukuta. Unaofuata unaanza Septemba 2028, kwa hiyo utakayepangiwa msimu huo uliza mapema shamba lako linafuata njia gani, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua utajifunza nini.

Jikoni ni kwepesi ukishajua: nyama na maziwa havikutani, wala sufuria zake, wala sifongo ya kuoshea. Ukialikwa, usibebe chakula ulichopika, matunda yanatosha.

Tena, wapo wengi wasioshika. Rafiki yangu aliyekuwa kwenye kibutsi, kijiji cha ujamaa, aliona watu wakiendesha magari siku ya Sabato kama siku nyingine. Usiwahukumu, na usiwasomee mistari. Wanaijua kuliko sisi.

Sabato inaanza Ijumaa kabla jua halijazama na kuisha Jumamosi zinapoonekana nyota tatu. Maeneo mengi mabasi hayatembei na maduka yamefungwa, kwa hiyo mkate na vocha nunua Alhamisi. Na wewe pia una haki yako: sheria ya mwaka 1951 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 36 mfululizo kila wiki, na asiye Myahudi anaweza kuchagua Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Mimi niliomba Jumapili nikapewa. Ujira ukicheleweshwa, sema, tena sema kwa utulivu: Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na mkulima wa dini anaujua mstari huo kwa moyo.

La mwisho ni zito. Ijumaa moja usiku mwenzetu aliumwa na nge. Tuliona mishumaa dirishani kwa mzee, tukaogopa kumsumbua katika Sabato yake. Tukakaa na mgonjwa karibu saa nzima, mguu unavimba, ndipo nikagonga. Mzee alitoka na shati lake jeupe, akachukua ufunguo, akawasha gari yeye mwenyewe na kutupeleka hospitali. Njiani alitugombeza, mara ya kwanza na ya mwisho. Kuokoa uhai, alisema, kunaiondoa Sabato, na anayesita kwanza aulize ndiye anayekosea.

Mwenzenu akiugua usiku huo, gongeni mlango.