Usukani unaolia hauombi oili

SWALI: Fundi, nina Corolla ya mwaka 1994, yenye usukani wa pawa. Nikikata kona polepole, hasa nikigeuza uwanjani, mbele inalia kwiii kama mlango mkuukuu. Fundi wa huku aliipiga oili chini, ikanyamaza siku tatu, kisha ikarudi kwa sauti kubwa zaidi. Nitie oili gani? Msomaji, Mambrui.

JIBU: Ndugu yangu, usitie yoyote. Hiyo ya kwanza imeshakusanya vumbi lote la njiani, na sasa panaposuguana pana mchanga.

Zima injini, ufunguo ubaki umefunguliwa ili usukani usijifunge, na kijana azungushe kushoto na kulia. Utakuwa mzito, usishtuke. Kama kimya, na kelele huja tu injini ikiwa inanguruma na usukani umefika mwisho, tazama mkanda wa pampu na kiasi cha mafuta ya pawa. Corolla hiyo hutumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron II au III. Akija mtu na mafuta ya breki, eti yanaziba uvujaji, mfukuze. Yanavimbisha sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje, zinakaza kwa muda, kisha zinalainika na kuharibika, na pampu inazifuata.

Ikilia hata injini ikiwa imezimwa, chuchumaa. Weka kiganja kwenye springi ya shoki, kisha kwenye boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo ambacho gurudumu hugeukia, kisha tairodi, fimbo inayosukuma gurudumu ligeuke. Inayolia utaisikia ikitetemeka mkononi kama simu iliyo mfukoni. Springi ikijikaza halafu ikaruka, ni beringi ya juu ya shoki. Mara nyingine ni kile kimpira shafti ya usukani inapopita sakafuni, na hapo tu ndipo nakuruhusu grisi kidogo ya silikoni.

Lakini kwa gari linalolala Mambrui, mimi nashuku boljointi. Upepo wa bahari una chumvi, na mpira unaoifunika, ukiwa wa miaka mingi, hupasuka. Maji huingia, grisi hutoka, chuma kinabaki kinakula chuma. Boljointi hiyo imefungwa tangu kiwandani, haina mahali pa kutilia grisi. Ndipo anapotokea bwana wa sindano. Huyu simuwezi! Anatoa sirinji mfuko wa shati, anatoboa mpira, anadunga grisi, anapokea pesa yake. Kelele inaisha kweli. Lakini kikombe cha ndani kilichokwisha kulika hakioti tena, na tundu la sindano limeongeza mlango wa maji.

Piga jeki gurudumu lining'inie, weka stendi, ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue kidogo kidogo. Boljointi ikicheza, gari lisitoke hapo ulipo mpaka ibadilishwe. Ikichomoka njiani, gurudumu hulala ubavu na usukani unabaki pambo mikononi mwako.

Niliwahi kuletewa pikapu kwa kukokotwa, gurudumu la kushoto limekunjika chini ya madigadi. Nilipoufuta ule mpira kwa kitambaa, tundu la sindano lilikuwapo, na grisi ndani bado mpya, haijabadilika hata rangi. Mwenyewe amesimama kando, anarudia neno moja tu: "Lakini lilikuwa limenyamaza."