Kupanga picha za filamu fupi maji yakikupwa

Kwa filamu fupi ambayo kamera haisogei na watu wamepangwa kama kwenye picha ya mnato, pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, ni mahali pazuri sana. Ila anza na jedwali la maji kabla ya kugusa mswada. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kukupwa zaidi, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hufikia mwisho wa kukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake, mchanga ukiwa wazi kabisa jua limekwisha kupanda na vivuli vimefupika. Anayetaka mchanga mtupu pamoja na mwanga wa mapambazuko aende siku nne au tano kabla ya bamvua. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo siku hizo hukupwa karibu saa 1 asubuhi, na jua likizama yanakuwa yameshatoka tena. Uwanja utakuwa mdogo kuliko wa bamvua, lakini mwanga ndio picha yenyewe. Mwanga huo haukai. Panga fremu mbili tu kwa asubuhi moja.

Kosa linaloharibu fremu nyingi ni urefu wa kamera. Kwenye uwanda tambarare, upeo wa macho huwa sawa na kimo cha lenzi. Kamera ikiwa mita 1.6, mstari wa bahari utawakata vichwani watu wote waliosimama, wa karibu na wa mbali. Ishushe hadi sentimita 90: mstari unapita kiunoni, vichwa vinakaa angani, na mkao wa kila mtu unasomeka.

Mchanga mbichi hutunza kila nyayo hadi maji yajae tena. Kwa hiyo piga fremu pana kwanza, za karibu baadaye. Wafanyakazi wote wapite nyuma ya kamera, na waigizaji wazunguke mbali waingie kwa upande mmoja tu. Ukikosea, hakuna kufuta.

Tripodi nayo huzama polepole bila wewe kuona. Weka kibao cha sentimita 20 kwa 20 chini ya kila mguu, ukandamize, usubiri dakika tano, kisha rekodi dakika mbili na ulinganishe fremu ya kwanza na ya mwisho. Uthabiti huu una faida nyingine: unaweza kuunganisha nusu ya fremu na nusu ya nyingine iliyopigwa muda mfupi baadaye. Jeff Wall, mpiga picha wa Kanada, aliunganisha zaidi ya picha 100 kupata tukio moja la upepo mwaka 1993. Upepo wa kusi ukivuma, kanga moja itapepea vizuri na nyingine itamfunika mtu uso, na hapo uunganishaji ndio uponyaji.

Rekodi sekunde 40 hata kama utatumia 12. Usimwambie mwigizaji agande, maana ataanza kuyumba. Mpe kitu cha kuegemea au kazi iliyosimama katikati, kama kufunga fundo.

Vigingi na kamba za mwani ni mashamba ya watu, wengi wao wanawake. Mwone sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, mapema, ongea na wenye mashamba, walipe wakionekana kwenye picha, na usikanyage kamba. Ukimaliza, futa miguu ya tripodi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, la sivyo skrubu zitashika kutu.