Jibu: fomu ya pensheni ya Italia, mama yuko hai

Dadangu uliyeuliza kuhusu fomu ya mamako ya kuonyesha yuko hai ili aendelee kulipwa pensheni ya Italia, asije akaisaini sebuleni mkaituma tu, itarudi, lazima asaini mbele ya shahidi anayekubalika, yaani mtu wa ubalozi wa Italia ama ofisa wa serikali mwenye mamlaka hayo, na abebe pasi ama kitambulisho. INPS, yaani shirika la pensheni la Italia, hulipa pensheni za walio nje ya Italia kupitia benki ya Citibank, hao ndo hutuma fomu. Shangazi yangu hapa Malindi alichelewa kuirudisha, basi pesa ya mwezi ule ikaja Western Union achukue mwenyewe, na mguu ulivyokuwa umevimba tukambeba na tuktuk mpaka dirishani akigomba njia nzima 😂 ila kule kuchukua ndo kukawa ushahidi. Asingeenda wangesimamisha. Fomu ipige kopi kwanza.