Biti 80 hazitakurudishia senti yako

Swali: Nimemwandikia mwenye duka la jumla Kongowea programu ya mauzo kwa lugha ya C. Kwenye kompyuta yake kuukuu ya biti 32, jumla ya mauzo na ya malipo ni zilezile kwenye skrini, lakini programu inasema haziko sawa. Kwenye laptopu yangu zinalingana. Fundi mmoja ananishauri nibadilishe kila double (aina ya namba zenye desimali katika C, ya biti 64) iwe long double (aina inayotarajiwa kuwa pana zaidi). Nifuate?

Jibu: Usifuate, ndugu yangu. Kompyuta ile inapigia hesabu kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za x87, sehemu ya hesabu za desimali iliyo urithi wa chipu ya Intel 8087 ya mwaka 1980, zenye upana wa biti 80. Namba ikitoka humo kwenda kwenye kumbukumbu kama double, inafinywa hadi biti 64. Jumla moja ikibaki ndani na nyingine ikiwa imeshatoka, hazilingani tena. Laptopu yako inatumia SSE2, njia mpya zaidi ya prosesa kupiga hesabu hizo, kila hatua ni biti 64, basi.

Lakini hata hiyo laptopu isikudanganye. Jumlisha 0.1 mara kumi kwa double, uone: 0.9999999999999999.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara kuna fundi nyuma yake anayeuza biti kama dawa ya nguvu. Senti 10, yaani shilingi 0.1, haiandikiki kikamilifu kwa mfumo wa mbili (wa 0 na 1) wa kompyuta, kama vile shilingi 10 haigawiki sawasawa kwa watoto watatu. Kwa biti 64 kosa liko kwenye nafasi ya 18 baada ya nukta, kwa biti 80 linasogea hadi ya 21. Limesogea tu, lipo! Biti za ziada ziliwekwa kulinda hatua za katikati ya hesabu ndefu, si kuhifadhi bei ya unga. Tena kompaila ya Microsoft (programu inayotafsiri C kwenda lugha ya mashine) huifanya long double kuwa biti 64 zilezile, na prosesa za ARM za simu hazina rejista za biti 80 kabisa.

Hifadhi senti kwa namba nzima. Shilingi 250.50 ni 25050. VAT ya asilimia 16: zidisha kwa 16, gawa kwa 100, unapata 4008, yaani shilingi 40.08. Baki ikitokea, mhasibu ndiye aamue inapanda au inashuka, na sheria iwe moja programu nzima.

Wengine watakwambia tofauti ikiwa chini ya senti moja uihesabu sawa. Huko ni kufunika shimo kwa mkeka. Ukikabidhiwa programu ya mtu mwingine, anza kwa kutafuta neno float (ndugu mdogo wa double) karibu na neno bei.