Ngiri ya mzee: angoje kamera ya Mombasa au apasuliwe huku huku?

Asalaam aleykum. Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili afu nikaamua nikae chini niandike marefu, manake hili jambo limenipitia kazini na limenipitia mwilini pia. Kwa wanaoingia saa hii: mzee wake ana miaka 58, mvuvi wa Kizingitini, kisiwa cha Pate huko Lamu, ana ngiri ya kinenani, yaani utumbo unasukuma kutoka kwenye tundu la msuli, upande wa kulia huu mwaka wa tatu. Daktari amemwambia apasuliwe awekewe wavu wa kuziba hilo tundu. Binamu yao aliye Mombasa anasema wasikubali kisu, wachange pesa pole pole mpaka afanyiwe ile ya kamera ya matundu matatu, kisu ni mambo ya kizamani. Na mzee mwenyewe ameskia ati huo wavu ni chandarua cha mbu, ameingiwa na hofu.

Mimi ni nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, nilianzia Lamu na sasa niko Malindi, mwaka wa 16 huu.

Nianze na ami yangu. Alikuwa mkata boriti, ile kazi ya kubeba miti ya mikoko begani kutoka kwenye matope mpaka kwenye jahazi, na ngiri yake alikaa nayo kama miaka sita. Akilala inarudi, akisimama inatoka, mwishowe akaacha kuihesabu kama ugonjwa. Alikunywa dawa za miti, akajifunga kitambaa kiunoni. Mimi wakati huo nasomea unesi, namwambia ami twende ukafanyiwe, ananambia ngoja kusi lipite, ngoja mfungo upite, ngoja nimalize deni la mashini. Usiku mmoja wa mwezi wa saba ikatoka ikakataa kurudi. Ilikuwa ngumu kama embe bichi, ukiigusa anapiga kelele, na akaanza kutapika. Bahari yetu ya mwezi wa saba, wakati wa upepo mkali wa kusi, mnaijua, hakuna nahodha aliyekubali kutoka gizani, boti iling'oa nanga alfajiri na tulipofika hospitali utumbo ulikuwa umekaa saa nyingi bila damu. Walimkata kipande cha shubiri nzima. Nilikiona kwenye bakuli la chuma, cheusi kama ini lililooza. Aliishi alhamdulillahi, lakini boriti hakukata tena maishani mwake.

Kwa hivyo mtu akinambia "angoje achange pesa" mimi huwa namuuliza angoje wapi, karibu na nini?

Manake utafiti wa kungoja upo, na ni mzuri. Marekani walichukua wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua sana, nusu wakapasuliwa, nusu wakaachwa waangaliwe tu, matokeo yakatoka 2006. Wale wa kungoja, ngiri kunasa ghafla ilikuwa chini ya watu 2 kwa kila 1000 kwa mwaka, kwa hivyo wakasema kungoja si hatari. Lakini waliendelea kuwafuata, na ilipofika miaka 10 karibu 7 kati ya 10 walikuwa wameshaenda kupasuliwa wenyewe, wengi kwa sababu ya maumivu. Yaani kungoja kuliahirisha tu. Na wale walikuwa na ambyulensi na barabara, ngiri ikinasa usiku mtu yuko thieta kabla ya alfajiri. Ukitoa ile hesabu ukaileta Kizingitini kwenye kusi, kwa mtu anayevuta nyavu kila siku, si hesabu ile tena.

Sasa hiyo kamera. Mzee analazwa kwa nusukaputi kamili, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi liinuke kama hema, kamera inapita kitovuni, vyuma vinapita kwenye matundu mengine mawili, na shimo la ngiri linazibwa kwa ndani. Linazibwa na nini? Na wavu! Hilo naona binamu hakuwaambia. Wavu ni ule ule, tofauti ni kwamba wa kamera unakaa nyuma ya msuli na wa kisu unakaa mbele yake.

Mimi siipingi kamera jamani. Mjerumani Erich Mühe alipotoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo 1985 madaktari wenzake walimkataa, na leo kwa nyongo ndiyo njia ya kawaida dunia nzima, hata mimi ningekuwa na mawe ya nyongo ningeitafuta. Ila kidonda kidogo hakimaanishi kila mara matokeo bora, mpaka mtu apime. 2018 ilitoka ripoti ya wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyo hatua za mwanzo, wengine walipasuliwa wazi na wengine kwa matundu. Baada ya miaka minne na nusu waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa 96.5% kwa kisu na 86% kwa matundu. Madaktari wengi walibadilisha njia baada ya hapo.

Kwa ngiri yenyewe walipima pia, hospitali za maveterani wa Marekani, wanaume karibu 2000, matokeo 2004. Kamera ilileta maumivu machache siku za mwanzo na kurudi kwa shughuli siku moja mapema, hiyo ni kweli kabisa. Lakini baada ya miaka miwili ngiri ilikuwa imerudi kwa 10.1% ya waliofanyiwa kamera na 4.9% ya kisu. Na hapa ndo pa kushika: walipowatazama madaktari walioshafanya zaidi ya 250 kwa kamera, ile tofauti karibu ikapotea. Kwa hivyo mkono umefanya ngapi ni swali kubwa kuliko kifaa gani. Hata roboti imejaribiwa, wagonjwa 102, ripoti ya 2020, ikashindanishwa na kamera ya kawaida. Maumivu yalikuwa sawa, muda ukawa dakika 75 badala ya 40, na gharama ikapanda zaidi ya mara mbili.

Kamera ingekuwa ya kwanza kwangu kama mzee angekuwa na ngiri pande zote mbili, au kama alishapasuliwa ikarudi, au kama mgonjwa ni mwanamke, na awepo daktari aliyeizoea. Mzee wako ni upande mmoja, mara ya kwanza. Hapo kisu na wavu ni tiba kamili ya leo, si ya kizamani. Ya kizamani ni ile ya kuvuta misuli kwa nguvu na kuishona bila wavu, uzi unavuta, mtu anatembea ameinama na ngiri inarudi.

Mimi mwenyewe nlifanyiwa 2018. Nliipata kwa kuinua wagonjwa. Nlichomwa sindano ya ganzi hapo hapo kinenani, sikulazwa usingizi. Unaskia kuvutwa, kama mtu anayekuvuta shuka ukiwa umelala, uchungu hakuna. Miaka yote nimempa daktari wavu mkononi, siku hiyo nikamuona mwenzangu anautoa kwenye pakiti, mweupe, mwepesi, taa inapita. Daktari akaukata kona ikawa mviringo, akaupasua upande mmoja mikia miwili ipite huku na huku ya mshipa wa mbegu, akashona pembeni. Afu akanambia kohoa. Nikakohoa, akaangalia, akasema tena. Jioni nilitembea mwenyewe hadi msalani. Wiki ya kwanza kucheka na kupiga chafya ni tabu, sitakuficha, ganzi kidogo ya ngozi ninayo mpaka leo.

Na mwambie mzee hivi, yeye atalielewa kuliko daktari: jarife, ule wavu wa papa, likikaa majini siku nyingi huota mwani kwenye kila tundu mpaka likawa zito kama ukuta. Ndivyo nyama inavyoota ndani ya wavu. Baada ya miezi kadhaa hauko peke yake tena, umekuwa sehemu ya mwili.

Hilo la chandarua lina ukweli wake. Uganda walifanya utafiti wa wanaume 302, ukatoka 2016, nusu wakawekewa wavu wa dukani ambao bei yake inapita dola 100, nusu wakawekewa wavu uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua cha polithini, wa kama dola moja hivi. Mwaka mmoja baadaye ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa chandarua na hakuna wa dukani, na matatizo madogo madogo kama kuvimba yalilingana. Lakini si chandarua cha kitandani jamani!! Kinakuwa hakina dawa, kinaoshwa, kinakatwa, kinachemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121, ukizidisha moto kinaharibika. Mzee amuulize daktari wake atamuwekea upi, ni haki yake, na ajibiwe.

Na asidharau akiambiwa atakayempasua ni klinikal ofisa, mtabibu ambaye si daktari, aliyefunzwa kazi hiyo. Sierra Leone walilinganisha kwa wagonjwa zaidi ya 200, ripoti 2021, baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa 0.9% ya walioshonwa na maofisa na 6.9% ya madaktari. Ni mkono tena. Kwa hivyo ukienda naye uliza bila aibu: umefanya ngapi mwaka huu, na wavu upo au sisi tuununue? Uliza pia SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini kabla ya siku yenyewe. Kama ana kikohozi kitibiwe, na kama anavuta sigara aache, sasa hivi, kukohoa kunafungua mishono. Na ahakikishiwe ni ngiri si busha, yale maji yanayojaa kwenye korodani, pwani yetu yote mawili yapo na watu huita yote mshipa.

Dawa za miti za ngiri sitazitukana, ila tundu la msuli halizibwi na kikombe. Na wakati mnajipanga, ikitoka ikakataa kurudi, ikauma, akatapika, msiikande wala msingoje kupambazuke kama kuna njia yoyote ya kuvuka. Pigeni simu hospitali muwe tayari njiani.

Mimi nakuja Lamu Maulidi inshallah. Mwambie mzee nitapita kumsalimia, na nitakuja na kipande cha wavu aushike kwa mkono wake.